Jibu: L210 na A103 kwenye ankara ya wakili
Mkuu, umeuliza L210 na A103 kwenye ankara ya wakili wenu wa Marekani ni nini. Hiyo ni misimbo ya UTBMS (mfumo wa kuainisha kazi na gharama za mawakili kwenye ankara), iliyobuniwa kule miaka ya 1990 ili kampuni ziache kuletewa ankara ya mstari mmoja: "huduma za kisheria." L ni hatua ya kesi, L210 ikiwa hati za madai na utetezi. A ni kitendo. A103 ni kuandika au kurekebisha. Gharama hubeba E, mfano E101 kutoa kopi.

Ningekuwa wewe ningeanza na A105, mawakili wa ofisi moja kuongea wao kwa wao. Hapo ndipo saa huvimba: wawili wamekaa kikao kimoja, nanyi mnatozwa mara mbili. Waombe maelezo ya kila mstari.