Usinunue nozeli zote nne kwanza

Kaka, umesema gari lako linamisi (silinda moja haichomi vizuri, injini inatetemeka), umebadilisha plagi na misi imebaki, na fundi anataka ununue nozeli (vifaa vinavyopulizia petroli kwenye injini). Kubadilisha plagi na misi ikabaki bado hakuthibitishi kwamba nozeli ndizo mbovu. Kabla hujanunua zote nne kama fundi anavyotaka, acha hiyo Vitz yako ya 2001 iungurume taratibu, uchomoe soketi za nozeli moja moja. Ukichomoa moja na mlio usibadilike, silinda hiyo ndiyo inayomisi. Badilishana koili yake (inayoipa plagi umeme wa cheche) na ya jirani: misi ikihama, koili ndiyo mbovu. Isipohama, gusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye nozeli na mpini sikioni. Nzima utaisikia ikigonga tik-tik-tik. Ikiwa kimya, zima gari uipime kwa mita ya umeme, ohm (ukinzani wake) ziwe kati ya 12 na 16. Zikiwa sawa na umeme unafika, mara nyingi ni uchafu tu, ipeleke ikasafishwe kwa mashine.

Siku ya kufungua nozeli, injini ikiwa ya baridi, toa fyuzi ya pampu ya petroli, washa, iache ijizime yenyewe ili presha ishuke. Oringi (vipete vya mpira vya kuzuia kuvuja) ziwe mpya (watu hubania hapa, wakati bei yake ni ndogo mno), zipake oili ya injini kidogo. Rudisha fyuzi, washa, umulike reli (bomba linalogawa petroli kwa nozeli) kwa tochi kuona kama petroli inavuja.