Soma orodha kabla ya kubonyeza Y

Wewe unayeanza kutumia terminali ya Debian au Ubuntu (mifumo ya Linux), kusakinisha programu kwa `apt`, chombo cha kusakinisha na kuondoa programu, utakujua siku ya kwanza. Unaandika `sudo apt install vlc` (`sudo` hutoa ruhusa ya msimamizi), unaweka nywila, basi. Ugumu uko kwenye kuondoa, na huko ndiko nilikoumia.

Python, lugha ya kuandikia programu, ilikuwa ikinisumbua kwenye kompyuta yangu ya Ubuntu. Nikaona dawa ni kuifuta na kuiweka upya, nikaandika `sudo apt remove python3`. Majina ya vifurushi, yaani programu na sehemu zake kama apt inavyozipanga, yakajaa skrini nzima, na chini yake swali likiishia na `[Y/n]`. Sikusoma hata jina moja. Nikabonyeza Enter. Nilipowasha tena mashine, hapakuwa na madirisha wala aikoni, ni maandishi meupe tu kwenye weusi yakinitaka niingie. Programu nyingi za mfumo wenyewe hutegemea Python, na apt ikiondoa kifurushi huondoa na vyote vinavyokitegemea. Jina `ubuntu-desktop`, kifurushi cha mazingira ya madirisha na aikoni, lilikuwamo mle mle kwenye orodha niliyoipita.

Itazame vizuri ile `[Y/n]`. Y imeandikwa kwa herufi kubwa kwa sababu ndiyo jibu linalochukuliwa usipoandika kitu. Enter peke yake ni kukubali.

Siku hizi kabla ya kuondoa chochote ninachokitilia shaka naandika kwanza `apt -s remove` na jina la kifurushi. Hiyo ni majaribio tu, haigusi kitu, wala haihitaji sudo. Hesabu mistari inayoanza na `Remv`. Ulitaka kuondoa kimoja na unaona arobaini? Acha, utafute njia nyingine. Na kama maji yameshamwagika, fungua `/var/log/apt/history.log`: amri uliyotoa imeandikwa humo, pamoja na saa na kila kifurushi kilichoondoka. Kwa orodha hiyo nilirudisha mfumo wangu kipande kwa kipande.

Halafu kuna `remove` na `purge`. Ya kwanza huacha mafaili ya mipangilio kwenye `/etc`, ndiyo maana ukiangalia `dpkg -l` (`dpkg` ni chombo ambacho apt hukitumia chini kwa chini) utaona baadhi ya vifurushi vina alama `rc`: programu imeondoka, mipangilio imebaki. `purge` huondoa na hiyo mipangilio. Mimi hutumia `remove` karibu kila mara, na `purge` pale tu mipangilio yenyewe ndiyo iliyoharibika. Kwenye sava yenye hifadhidata, nakili data pembeni kabla ya kuigusa `purge`. Mafaili yaliyo kwenye folda yako ya nyumbani hayaguswi na `remove` wala `purge`.

`apt update` haisasishi programu, inaleta orodha mpya tu. Anayesasisha ni `apt upgrade`. Ukiambiwa kifurushi hakipatikani, anza na `update`, kisha kagua tahajia.

Jambo moja zaidi, maana naona wengi wakishauriwa vibaya. Ukikuta ujumbe kwamba `/var/lib/dpkg/lock-frontend`, faili la kufuli linalozuia programu mbili kusakinisha kwa wakati mmoja, limeshikiliwa, usilifute. Mara nyingi ni Ubuntu inajisasisha yenyewe nyuma ya pazia. Subiri dakika chache ujaribu tena. Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, washa mashine uandike `sudo dpkg --configure -a`, nayo itamalizia kusanidi vifurushi vilivyoachwa njiani.