Jibu: Presha 128/96, ya juu nzuri ya chini iko juu, ni ya kupuuza?

Mkuu, swali lako ni langu la miaka sita iliyopita. Nilikuwa na miaka 37, zahanati ya kwanza wakaniambia "ya chini isikusumbue, angalia ya juu". Nikatulia mwaka mzima. Tafadhali usifanye hivyo.

Aliyenifungua macho ni nesi mmoja mtu mzima wa kituo kingine, anayepima kwa mkono. Aliniwekea vile vifaa vya masikioni, akajaza upepo mpaka mkono ukaanza ganzi, akaulegeza taratibu. Kimya. Halafu tu, tu, tu: mshale ulikuwa 134. Mapigo yakaendelea, yakafifia, yakakatika. "Hapo yalipokatika, mwanangu, ndiyo presha inayobaki moyo ukiwa umepumzika." Mshale ulikuwa 98.

Moyo ukipiga mara 75 kwa dakika, kila pigo ni sekunde 0.8. Kusukuma damu huchukua kama 0.3. Zile 0.5 zilizobaki umelegea, unajaa damu ya pigo linalofuata. Ndani ya chemba ya kushoto presha hushuka karibu na sifuri kweli, ila kwenye mishipa haifiki huko: vali ya kutokea (kama mlango wa damu kutoka moyoni) imeshajifunga, na ule mshipa mkuu uliokuwa umetanuka unarudi kubana na kuendelea kuisukuma damu mbele. Mishipa midogo ikiwa imekaza, damu inatoka polepole, namba ya chini inabaki juu.

Ndiyo sababu inanihangaisha mtu akisema haina neno. Pigo likianza, ile vali haifunguki mpaka chemba ya kushoto ipite presha iliyoko mshipani. Kwangu ilikuwa ni kufika 98 kwanza ndipo tone la kwanza litoke, na hiyo ni mara zaidi ya laki moja kwa siku. Miaka ikienda msuli unanenepa, unakakamaa, hata kulegea unashindwa. Na moyo wenyewe, hasa upande wa kushoto, hupata damu yake nyingi wakati huohuo wa kulegea, kwa sababu ukikaza unaibana mishipa yake mwenyewe.

Chini ya miaka 50 namba ya chini kupanda peke yake ni jambo la kawaida kuonekana. Uzeeni hugeuka: mishipa hukakamaa, ya juu hupanda, ya chini hushuka.

Ila kipimo kimoja hakitoshi, mkuu. Kojoa kwanza, kaa dakika 5 umeegemea, nyayo chini, mkono usawa wa moyo, usiongee, kahawa na sigara uache nusu saa kabla. Kama mkono wako ni mnene kama wangu, dai mkanda mkubwa, mdogo unapandisha namba. Pima asubuhi na jioni kwa wiki, andika zote.

Wastani wangu wa namba ya chini ulitoka 94. Daktari akanianzishia dawa, nikaacha kuongeza chumvi mezani (kwa mtu wa dagaa wakavu haikuwa rahisi), natembea kila jioni. Sasa ya chini inacheza 80 hadi 84.

Hilo daftari lako mpelekee daktari. Ukisikia kifua kinabana, pumzi inakata au upande mmoja wa mwili unalegea, usisubiri wiki iishe, nenda hospitali saa hiyohiyo.