Mjukuu wangu ameacha kusema, nisubiri?

SWALI: Nalea mjukuu wangu hapa Busia; mama yake anafanya kazi za nyumbani Uarabuni. Mtoto ametimiza miaka mitatu. Akiwa na mwaka na nusu alikuwa anasema "mama" na "maji", sasa hasemi neno. Ukimwita hageuki, lakini sufuria ikifunuliwa jikoni, huyo hapo. Kutwa anapanga vizibo vya soda mstari mmoja. Ukisogeza kimoja analia mpaka anatapika. Jirani anasema ni chanjo. Shangazi yake anasema ni kuachwa na mama angali mdogo. Mwalimu wa chekechea anasema nisubiri, wavulana huchelewa, tena niache Kiswahili na Kisamia nimwongeleshe Kiingereza. Kiingereza chenyewe sinacho. Nifanyeje?
Jaja wa mtoto, Busia, Uganda

JIBU: Jaja, usisubiri. Wapo wavulana wanaochelewa kusema, lakini mtoto aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo hasubiriwi. Hilo peke yake linatosha kumpeleka hospitali wiki hii.

Unayoyaeleza yanafanana na usonji (kwa Kiingereza autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa kusema na kuhusiana na watu, ila kwa barua siwezi kuthibitisha. Anza na masikio, hata kama sufuria anaisikia, kwani mtoto anaweza kusikia sauti fulani na kukosa nyingine. Nenda hospitali ya rufaa Mbale. Kipimo kisipopatikana, omba rufaa ya hospitali ya Mulago, Kampala. Beba kadi yake ya kliniki, na useme kama amewahi kupata degedege au malaria iliyopanda kichwani, maana hayo nayo huweza kuudhuru ubongo. Halafu mrekodi kwa simu akiwa nyumbani: akiitwa, akicheza, akitaka kitu. Mbele ya daktari mgeni atalia tu au atajikunyata, nawe utarudishwa ukiambiwa hana kitu. Nimeona walezi wengi wakirudishwa hivyo, na bado linanikera.

Sasa jirani. Hofu kwamba chanjo ya surua huleta usonji ilienezwa na andiko la daktari Mwingereza, Andrew Wakefield, la mwaka 1998, kuhusu watoto 12 tu. Jarida la Lancet lililolichapisha likalifuta mwaka 2010, na mwaka huohuo yeye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari. Surua ndiyo inayoua. Shangazi naye hakubuni lake: Marekani, miaka ya 1960, Bruno Bettelheim alipata umaarufu kwa kudai kwamba ubaridi wa akina mama ndio unaoleta usonji. Dai hilo lilishatupwa. Usonji hutokana na jinsi ubongo unavyojijenga tangu mapema, na urithi una sehemu kubwa. Binti yako hakuuleta kwa kupanda ndege.

Mwalimu namheshimu, lakini la Kiingereza amekosea. Mtoto mwenye usonji akikua kwenye lugha mbili au tatu, lugha hizo hazimrudishi nyuma. Atakayemrudisha nyuma ni jaja aliyenyamaza kwa kukatazwa lugha yake.

Kwa hiyo ongea, na uanze leo, kabla hata hujapata nauli. Kaa naye mkekani, uso wako ulingane na wake. Usiuvuruge mstari wa vizibo, uingie! Vishike wewe kwenye bakuli, mpe kimoja, sema "kizibo", kisha nyamaza uhesabu moyoni mpaka tano. Kunyamaza huko ndiko kugumu, sisi watu wazima tunapenda kujaza. Akikutazama, akinyoosha mkono, akitoa sauti yoyote ile, mpe hapohapo. Mandazi pia yakate vipande vidogo ili apate sababu ya kuomba mara nyingi. Dakika chache zinatosha, ila zirudie wakati wa kuoga, wa kula, wa kuchambua maharage. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 yanayofuata njia kama hii, kwa sababu wataalamu ni wachache na mtoto yuko na mlezi siku nzima.

Maneno yakichelewa, mwonyeshe picha za kikombe, choo, chakula, aguse anachotaka. Picha hazizuii kusema. Wengine husema baadaye, wengine hawasemi kabisa lakini hueleweka, na vilio hupungua. Anayekuahidi kumponya kwa malipo, mpite.

Video zile mtumie na binti yako, azione kabla ya kupiga simu. Na kama kuna pesa ya kumpeleka kwa mganga, iwe nauli ya Mbale.