Kuhamisha Michoro ya Majengo kati ya Programu: Anza na Vizio na Nukta ya Sifuri

Mradi mmoja wa nyumba ya ghorofa jijini Dar es Salaam unaweza kupitia programu nne kabla mafundi hawajachimba msingi. Mpima ardhi huleta mchoro wa kiwanja kutoka Civil 3D, msanifu huchora kwa ArchiCAD au Revit, mhandisi wa miundo hutaka faili ya DWG, umbizo la michoro la AutoCAD, aifungue kwa programu hiyo, na mteja huomba picha zilizotengenezwa kwa SketchUp. Nimefanya kazi katikati ya mlolongo huo kwa miaka mingi, nikipokea na kutuma, na nimeona kwamba makosa mengi tunayoyatupia programu hutokana na watu wawili ambao hawakuambiana mambo mawili: kizio kimoja cha urefu ndani ya faili hii ni nini, na nukta ya sifuri, yaani mahali vipimo vyote vinapoanzia, iko wapi.

Nianze na hilo la pili, kwa sababu ndilo lililonigharimu zaidi. Michoro mingi ya upimaji niliyopokea hutumia kodineti (namba za mahali) za UTM, mfumo wa kuonyesha mahali duniani kwa mita, za kanda ya 37 kusini, na kwa mfumo huo bikoni (alama ya mpaka) ya kiwanja cha Dar es Salaam huwa na namba ya kaskazini inayozidi mita 9,200,000. AutoCAD huvumilia namba kubwa namna hiyo, lakini Revit hutaka jengo likae ndani ya kilomita 16 hivi kutoka nukta yake ya ndani ya sifuri. Likiwa mbali zaidi ya hapo, mistari huanza kutetemeka kwenye kioo, miduara huonekana imekatikakatika, na vipimo hupoteza usahihi.

Mara ya kwanza nilipokutana na tatizo hilo, niliushika mchoro wa kiwanja nikausogeza karibu na sifuri, nikauzungusha kidogo ili mpaka wa mbele ulale sawa na ukingo wa karatasi, kisha nikaendelea na kazi bila kuandika popote nilichofanya. Miezi mitatu baadaye mpima ardhi alihitaji kodineti za kona za nyumba ili akaweke alama kiwanjani. Nilijaribu kuurudisha mchoro mahali pake kwa kukadiria, na mfereji wa kwanza wa msingi ulipochimbwa, fundi alivuta futi kamba kutoka mpakani akakuta mita 1.6 mahali ambapo ramani iliyoidhinishwa ilionyesha mita 3. Ule mzunguko mdogo sikuwa nimeurudisha kikamilifu. Tulifukia mfereji na kuchimba upya, na gharama nilibeba mimi, kama ilivyostahili.

Tangu siku hiyo sisogezi mchoro wa mpima kwa mkono. Huchagua bikoni moja, nikaandika namba zake za mashariki na kaskazini pamoja na pembe ya kaskazini halisi, kisha naziingiza katika mfumo wa kodineti wa programu ninayoitumia, ili jengo libaki karibu na sifuri huku programu yenyewe ikikumbuka mahali lilipo duniani. Namba hizo huziandika pia kwenye karatasi ya kwanza ya michoro, mahali ambapo kila mtu anaziona.

Kuhusu vizio, inafaa kuelewa kwamba ndani ya DWG urefu ni namba tu. Ukuta wa mita sita uliochorwa kwa milimita ni 6000, na uliochorwa kwa mita ni 6. Faili inaweza kubeba maelezo ya kizio, lakini mara nyingi maelezo hayo hayalingani na namna mchoro ulivyochorwa, na programu inayopokea huyaamini. Ndiyo maana nyumba hutokea ikiwa ndogo mara 1,000, au ikiwa imekuzwa mara 25.4, ambayo ni dalili ya wazi kwamba milimita zimesomwa kama inchi. Kila faili ninayotuma huwa na mstari wa mita 10 kamili uliochorwa pembeni mwa ramani, kwenye leya (tabaka la mchoro) yake, na maandishi yanayosema hivyo. Anayepokea huupima kabla ya kugusa kitu kingine chochote, kazi isiyozidi nusu dakika.

Mengine ni madogo, lakini hukera. Ofisi nyingi bado zina matoleo ya zamani, kwa hiyo hifadhi kwa umbizo la DWG la 2010 au 2013 badala ya lile lililoanza na AutoCAD 2018. Safisha faili kwa amri za PURGE, inayoondoa visivyotumika, na AUDIT, inayorekebisha hitilafu. Faili zilizounganishwa nje ziambatanishe au ziingize ndani kabisa, la sivyo mwenzako atafungua gridi tupu isiyo na kuta. Tumia fonti za kawaida, kwa kuwa nimewahi kuona alama ya kipenyo cha nondo ikigeuka alama ya kuuliza katika mchoro uliokuwa tayari kupelekwa saiti. Na daima ambatanisha PDF, ambayo ndiyo ushahidi wa jinsi mchoro ulivyoonekana ulipotoka kwako.

Swali la DWG au IFC, umbizo la kubadilishana modeli za majengo kati ya programu, huulizwa sana. Ukuta wa ArchiCAD ukipita kwenye DWG ya ramani hubaki mistari miwili, ilhali IFC, ambayo imekuwa kiwango cha kimataifa cha ISO 16739 tangu mwaka 2013, huubeba kama ukuta wenye kimo, unene na malighafi yake. Kwa mhandisi anayechora msingi na nguzo, DWG inatosha. Kwa jengo la ghorofa kadhaa ambamo mabomba na biimu vinagombania nafasi, IFC ina thamani kubwa, lakini ninashauri iunganishwe kama rejea tu. Wanaojaribu kuifungua na kuendelea kuhariri humo hukutana na milango isiyobadilika vipimo na ngazi zilizogeuka bonge moja.

Mwisho kuna safari ya kurudi, ambayo wengi huisahau. Mhandisi akirudisha mchoro, usiuweke mahali pa wako. Uweke juu yake kwa rangi tofauti, uzilinganishe gridi, kisha upitie nguzo moja baada ya nyingine. Nguzo iliyosogezwa milimita 150 ni milimita moja na nusu tu kwenye karatasi ya 1:100, na jicho huipita bila kuiona, lakini kwenye jengo inaweza kuingia ndani ya nafasi ya mlango. Ukiigundua, mpigie mhandisi siku hiyohiyo, kabla nondo hazijakatwa.