Una siku moja ya bure Guangzhou? Nenda Humen ukaone ngome ya Weiyuan

Mkuu, umesema umekwenda Guangzhou kufuata mzigo, kiwanda kimekuambia usubiri, siku moja imebaki haina kazi, na mtu amekutajia ngome ya zamani ya pwani iliyoko Humen. Unataka kujua kama inafaa au bora uvuke ukatembee Hong Kong.

Hong Kong angalia viza yako kwanza. Kama ni ya kuingia mara moja, ukivuka tu umehesabiwa umetoka China, kurudi Guangzhou ni viza nyingine, na mzigo wako unabaki huko ukikungoja. Humen huna shida hiyo. Unatoka asubuhi, jioni uko kitandani kwako Xiaobei, ule mtaa wa Guangzhou wanakofikia Waafrika wengi.

Mimi nauza nguo Kariakoo. Humen nilikuwa naijua kwa jambo moja tu, masoko ya nguo za jumla. Nimeshaingia soko la Fumin mara kadhaa, nimechagua sampuli, nimebishana bei kwa kalkuleta na mabosi wa kike wasiocheka, nimerudi Guangzhou usiku miguu imevimba. Sikuwahi kujua kwamba Vita vya Afyuni, vilivyoibadilisha China yote, vilianzia kwenye mji huohuo ninaonunua magauni. Nilijua siku kiwanda kiliponichelewesha kama wewe, mwezi wa sita, nikaamua kwenda kama mtalii, bila sampuli wala begi.

Usafiri hautakusumbua. Metro ya line 2 inakufikisha stesheni ya Guangzhou Kusini, pale unapanda treni ya mwendokasi kwenda Humen, dakika 20 hivi. Ile safari ya metro ya mjini inachukua muda mrefu kuliko ya treni yenyewe. Tiketi inasomwa kwenye pasipoti, lakini usiende kwenye mageti ya mashine yanayosoma vitambulisho vya Wachina. Tafuta geti lenye mhudumu, mpe pasipoti. Mimi nilisimama mbele ya mashine naipigisha pasipoti juu, chini, ubavuni, foleni nyuma yangu inarefuka, mpaka dada mmoja akanivuta mkono.

Stesheni iko mbali na ngome, kwa hiyo ni teksi. Hapo ndipo nilipokosea. Nilimwonyesha dereva picha ya makumbusho niliyoitoa mtandaoni, akatikisa kichwa, tukaenda, akanishusha katikati ya mji. Hakuna bahari, hakuna ngome. Nikamwita "shifu, shifu", ndivyo wanavyowaita madereva na mafundi kwa heshima, lakini kashaondoka. Kumbe jina la Makumbusho ya Vita vya Afyuni limebeba sehemu zaidi ya moja: kuna mabwawa mjini, yale ilimoharibiwa afyuni, na kuna ngome kando ya mto. Ili yasikukute yaliyonikuta, weka maandishi haya kwenye simu na umwonyeshe dereva: 威远炮台. Hiyo ndiyo Weiyuan.

Lakini nakuambia ukweli, lile kosa ndilo lililonifaa. Ningeanzia ngomeni ningeona mawe na mizinga, nikapiga picha, nikaondoka. Kuanzia mabwawani kulinifanya niielewe ngome, tena niielewe kwa akili ya kibiashara, kwa sababu hadithi yote ni hadithi ya mzigo.

Iko hivi. Zamani zile mzungu akitaka kufanya biashara na China alikuwa na mlango mmoja tu, Guangzhou, na watu wa kuuziana nao ni kundi dogo la matajiri wenye kibali cha mfalme. Waingereza walitaka chai. Wachina hawakutaka kitu cha Mwingereza zaidi ya fedha, ile fedha yenyewe ya madini. Kila mwaka meli zinakuja na fedha, zinarudi na chai. Sisi tunaijua hali hiyo, dola zinakwenda upande mmoja tu. Waingereza wakatafuta bidhaa ambayo Mchina atainunua apende asipende, wakaipata Bengal, India: afyuni. Ndiyo ile wazee wetu walioiita kasumba, kabla neno halijahamia kwenye kasumba za kikoloni. Mambo yakageuka, sasa fedha ikawa inatoka China.

Mwaka 1839 mfalme akamtuma ofisa mmoja, Lin Zexu, aje akomeshe. Lin akawazingira wafanyabiashara wa kigeni kwenye maghala yao Guangzhou mpaka wakatoa mzigo wote, makasha zaidi ya 20,000. Ni zaidi ya tani 1,000. Nilipokuwa pale nilipiga hesabu ya haraka ya kontena la futi 40: ni kama makontena 40 ya afyuni tupu. Fikiria mtu anayateketeza mbele ya wenyewe.

Na namna alivyoyateketeza ndiyo iliyonisimamisha pale bwawani muda mrefu. Usidhani alichoma moto. Afyuni ukiichoma, nyingine huyeyuka ikazama ardhini, na wavutaji huja usiku kuchimba udongo waipate tena. Lin alikuwa anazijua njaa za watu. Akachimba mabwawa mawili, mbele yana mlango wa maji unaotazama upande wa bahari, nyuma yana mfereji wa kuingizia maji. Wanajaza maji, wanamwaga chumvi, wanatupia afyuni iliyokatwakatwa, inalowa. Kisha wanamwaga chokaa isiyozimwa. Wewe kama umewahi kuona tanuri la chokaa pwani kwetu, na mafundi wanavyoizima kwa maji, unajua inavyotokota na kutoa moshi bila kuni. Ndivyo bwawa zima lilivyochemka, vibarua wamesimama juu ya mbao wanakoroga. Maji ya bahari yakikupwa, mlango unafunguliwa, uchafu wote unakwenda. Bwawa moja likisafishwa, la pili linachemka. Walianza tarehe 3 Juni, wakamaliza karibu na mwisho wa mwezi. Ile Siku ya Kimataifa ya Kupiga Vita Dawa za Kulevya, 26 Juni, inaambatana na tukio hilo. Na kabla ya kuanza, Lin alitambika kwa mungu wa bahari akimwomba radhi kwa kumchafulia maji. Hiyo niliipenda.

Leo bwawa ni tulivu, la mraba, limezungukwa na miti. Nilikuta wanafunzi wa shule wamevaa skafu nyekundu wanasomewa habari zake, na mtoto mmoja hakumsikiliza mwalimu tena baada ya kuniona mimi. Jiandae kupigwa picha na watu usiowajua. Hawana ubaya.

Sasa sikiliza penye uzito. Wafanyabiashara wale hawakutoa mzigo bure. Mwakilishi wa serikali ya Uingereza, Charles Elliot, ndiye aliyewaambia wautoe kupitia kwake na kwamba serikali itawalipa. Yaani ulikuwa mzigo wa watu binafsi, kwa neno moja ukageuka deni la serikali. Na serikali ya London haikuwa na nia ya kulilipa kutoka mfukoni mwake. Ikatuma meli za kivita zije zilidai China.

Baada ya hapo nikachukua teksi nyingine kwenda ngomeni. Safari hii nimejifunza, nikaonyesha maandishi.

Kitu cha kwanza utakachokiona Weiyuan si ngome, ni daraja. Daraja la Humen linapita juu ya kichwa cha ngome kabisa, limening'inia kwa nyaya, na urefu kati ya mnara na mnara ni mita 888. Lilifunguliwa 1997, wiki chache kabla Hong Kong haijarudi kwa China, na sidhani hiyo ilikuwa bahati tu. Ni daraja lilelile lililoyumba kama bembea kwa upepo Mei 2020, video zake zikazunguka dunia nzima. Wengine wanalalamika kwamba linaharibu picha. Mimi lilinifaa, lina kivuli. Mwezi wa sita Guangdong ni joto la kukamua shati.

Ngome yenyewe imejengwa 1835, imejipinda kama mwezi mwandamo kufuata ukingo, urefu wake ni mita 360 hivi. Chini ni mawe ya matale yaliyochongwa, juu ni kuba nene za chokaa, mchanga na udongo vilivyoshindiliwa pamoja. Husemwa kwamba walichanganyia na uji wa mchele wa kunata na sukari guru ili vishike. Niliweka kiganja ukutani. Pagumu kama zege, pa baridi, pamepauka, na ukisogeza jicho unaona vipande vya chokaa vyeupe ndani yake. Vyumba vya mizinga viko 40, vimepangwa mstari kama fremu za dukani, kila kimoja na tundu lake la kutazama mtoni. Unatembea ndani ya baridi, chumba baada ya chumba, huku magari yananguruma angani.

Kaa kwenye tundu mojawapo dakika tano, usikimbilie picha. Hapo mto unabanwa ukingo na ukingo, na katikati kuna visiwa. Ndiyo maana pakaitwa Humen, mlango wa chui milia. Kila meli iliyokwenda Guangzhou ilipita mbele ya matundu haya. Nilipokuwa nimekaa, meli ya makontena ilikuwa inapanda taratibu kuelekea bandari ya Huangpu, Guangzhou. Nikajaribu kuifuata kwa macho, na kabla sijamaliza kuhesabu makontena ya safu ya juu, ukuta ukaimeza. Hapo nikaelewa bila kuambiwa. Tundu ni jembamba, na mizinga ile ilifungwa ikatazama mahali pamoja, haikuweza kugeuzwa kumfuata adui. Ungempiga akipita mbele yako tu. Akisimama pembeni, unamsikia humwoni.

Na ndivyo Waingereza walivyofanya Februari 1841. Katikati ya mto Wachina walikuwa wameweka minyororo ya chuma kuzuia meli. Lakini kisiwa kimoja kidogo upande wa kusini kiliachwa bila askari. Waingereza wakapandisha mizinga yao pale, kulipokucha tarehe 26 wakaanza kupiga, meli zao zikajipanga kwenye pembe ambazo mizinga ya ngome haifiki, kisha askari wakateremka nchi kavu. Jioni ngome zote za mlango huo zilikuwa mikononi mwao. Ukimaliza kutazama mbele, zunguka nyuma uone. Nguvu yote waliielekeza mtoni. Mgongoni walikuwa na kilima tu.

Kamanda wa Wachina, amiri Guan Tianpei, alikuwa mzee wa miaka 60 hivi. Alifia kwenye ngome ya jirani, Jingyuan, hakukimbia. Husimuliwa kwamba kabla ya hapo aliwapelekea watu wa nyumbani kisanduku kilichofungwa, na walipokifungua wakakuta nguo zake kuukuu na meno yake yaliyong'oka. Ndugu zake walipokuja kuchukua maiti, meli ya Waingereza ilipiga mizinga ya heshima. Nilisoma hayo nikarudi kukaa tena kidogo.

Ujue pia kwamba Waingereza walizilipua ngome hizi baada ya kuziteka, kwa hiyo unachokiona kimejengwa upya na kukarabatiwa. Pembeni kuna jumba la makumbusho ya vita vya baharini, lina viyoyozi, na picha kubwa ya mapigano ambayo watoto wanaipenda. Mimi nilipita haraka. Kitu kimoja nilikitafuta na nikakijua: hesabu ya mwisho. Mkataba wa Nanjing, Agosti 1842, China ilipe dola za fedha milioni 21. Kati ya hizo, milioni 6 ni fidia ya afyuni iliyotupwa kwenye lile bwawa, milioni 3 madeni ya wafanyabiashara, milioni 12 gharama za vita, yaani aliyepigwa amlipe aliyempiga nauli ya kuja. Juu yake Hong Kong ikachukuliwa na bandari tano zikafunguliwa. Na Lin Zexu, aliyefanya alichotumwa, alikuwa keshafukuzwa kazi na kupelekwa uhamishoni mahali panapoitwa Ili, kule mwisho wa magharibi ya China kabisa.

Ya kujiandaa nayo: pasipoti usiiache hotelini, mlangoni wanaiuliza hata pale ambapo kuingia ni bure. Usiende Jumatatu, makumbusho mengi ya China hufunga siku hiyo. Fungua Alipay, ile programu ya kulipia kwa simu, na uunge kadi yako ungali nyumbani, na ramani tumia ya Kichina, ile ya Google itakupoteza. Saa tatu ngomeni zinatosha, mbili mabwawani. Ukitaka kuunganisha na masoko ya nguo siku hiyohiyo, acha. Nimejaribu safari ya pili, nikafika ngomeni na mabegi mawili na mlango unafungwa.

Nilipotoka, nje kulikuwa na babu ana toroli la lichi, maana Dongguan, mji ambao Humen ni sehemu yake, zinalimwa sana na mwezi wa sita ndio msimu wake. Ni nduguye shokishoki, ila ganda lake halina nywele. Nikauliza bei, akanionyesha kwa vidole, nikashusha kwa vidole, akacheka mpaka akakaa chini. Akanimenyea mbili za kuonja, akanifungia jin moja, yaani nusu kilo, kwa bei yake ileile ya kwanza. Ukienda msimu huo mtazame upande wa kushoto ukitoka, kisha rudi hapa utuambie kama bado yupo.