Uliza Anko: Huyu rabi katumwa na nani?

Anko shikamoo. Mi ni kijana wa Bukoba, nasoma Kampala. Hosteli nakaa na jamaa wa Mbale, Mganda kabisa, anasema yeye ni Myahudi tangu enzi za babu yake, na kweli Ijumaa jua likianza kushuka anazima simu mpaka Jumamosi giza liingie. Anasema kwao kuna rabi ambae aliwahi kuwa mbunge. Sa sisi Wakatoliki tunajua padri anatoka seminari, askofu anampangia parokia, imeisha. Rabi nani anamtuma? Anarithi kwa baba, anasomea, ama mtu anaota ndoto asubuhi anaamka rabi? – J., Kampala

Marahaba kijana. Hakuna anaemtuma, na hapo ndo tofauti kubwa ilipo. Wayahudi hawana papa wala askofu wa kumhamisha mtu kituo. Sinagogi ni la waumini wenyewe, wanaunda kamati, wanamuita anaeomba kazi, mara nyingi aje akae nao Sabato nzima wamsikie anavyohubiri na anavyocheza na watoto, wakimpenda wanaandikiana mkataba wenye mshahara, mkataba ukiisha wasipomtaka tena wanamuaga. Kurithi hamna. Ule ukoo wa Haruni wa makuhani upo mpaka leo ila ni habari nyingine, rabi ni mwalimu na mtu wa kuulizwa sheria: hii nyama inalika, huyu maiti anazikwaje, hii ndoa imefungwa sawasawa ama vipi. Hata sala haimsubiri yeye, wakitimia watu wazima kumi (Wayahudi wa Kiorthodoksi wanahesabu wanaume tu) yeyote anaejua anasimama mbele anaongoza.

Kinachomfanya rabi awe rabi ni kusoma, halafu waliosoma kabla yake wampime waseme huyu sasa anaweza kuamua. Kwa shule za Marekani ni kama miaka mitano hivi juu ya digrii ya kwanza, Kiebrania, Torati, Talmudi (mijadala ya marabi wa kale juu ya sheria), vitabu vya sheria, kuhubiri, na shule nyingi zinawapeleka wanafunzi hospitali wakajifunze kukaa na mgonjwa bila kumpigia kelele za mahubiri. Hili la hospitali natamani na wachungaji wetu wengine wangelipitia, lakini tuliache.

Huyo wa Mbale namjua kwa habari zake, ni Gershom Sizomu, na njia yake imeenda kinyumenyume ndo maana nimelichagua swali lako. Watu wake wanaitwa Abayudaya. Walianza 1919 na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda akitegemea watampa ufalme, hawakumpa, akajitenga akazama kwenye Biblia. Alipofika kwenye amri ya kutahiriwa akasema hii na sisi inatuhusu, wakamwambia hiyo ni ya Wayahudi, akajibu basi sisi ni Wayahudi, akatahiriwa yeye na wanawe. Alikufa 1928, uongozi ukashikwa na wengine akiwemo Samson Mugombe, babu yake Sizomu.

Kwa hiyo ndio, kiongozi wa pale ametoka nyumba ya viongozi, lakini usikimbilie kusema karithi. Sizomu amekulia enzi za Amin, Uyahudi umepigwa marufuku, masinagogi yamefungwa, wengi wakahamia kanisani ama msikitini, jumuiya iliyokuwa na maelfu ikabaki mamia. Mwenyewe amesimulia baba yake alivyokamatwa kwa kosa la kujenga kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, akaachiwa baada ya kutoa mbuzi. Waliobaki walisali kwa kujificha. Na hapa wewe mtu wa Kagera nisikilize vizuri: serikali ya Amin ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, majeshi yetu ya Tanzania yakiwa Kampala, na jioni ya siku hiyohiyo ndo Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaanza, ile sikukuu ya kutoka utumwani Misri. Kwa Abayudaya hilo halihitaji mhubiri kulifafanua.

Mwishoni mwa miaka ya 80 Sizomu, kaka yake J.J. Keki na vijana wenzao wakahamia pamoja mlima Nabugoye nje kidogo ya Mbale, wakalima pamoja na kusali pamoja, wakaufufua ule mkusanyiko, zaburi wakaziimba kwa Kiluganda na gitaa. Yaani jamaa alikuwa anaongoza, anafundisha, anaimbisha, miaka na miaka, cheti hana. Mwaka 2002 marabi wa tawi la Konsevativu (lililo katikati, Waorthodoksi wakishika sheria za kale kwa ukali zaidi na Wareform wakiwa huru zaidi) walikuja kutoka nje wakawapitisha mamia kwenye taratibu za kuingia rasmi, kuhojiwa na baraza la watu watatu na kuzamishwa majini, na naambiwa si wote walifurahi, maana mtu kateswa kwa Uyahudi wake leo aambiwe aingie upya! Mi ningenuna.

Ila nadhani ndo palionesha kwanini cheti kinahitajika, huwezi kila siku kusubiri wageni washuke Entebbe. Sizomu akachukua mke na watoto akaenda Los Angeles, chuo cha Ziegler, ndani yake na mwaka mmoja Yerusalemu, 2008 akawekewa mikono kuwa rabi akarudi Nabugoye, akaanza kufundisha wengine na kukaa kwenye hayo mabaraza mwenyewe. 2016 wakafungua sinagogi kubwa jipya, na mwaka huohuo akachaguliwa mbunge wa Bungokho North, jimbo ambalo wapiga kura wake wengi ni Wakristo na Waislamu. Usidhani yameisha lakini, 2018 wizara ya mambo ya ndani ya Israel ilimkatalia Mwabayudaya mmoja kuhamia kule, na Waorthodoksi wengi hawayatambui mapokezi ya Konsevativu, ndo maana kuna wenzao wa kijiji cha Putti wamefuata njia ya Kiorthodoksi. Muulize jamaa yako yeye yuko upande gani, ila usimuulize Ijumaa jioni.

Anko, nilisoma toleo lililopita umegusia marabi, je mwanamke anaruhusiwa? Na nina lingine la mirathi. – Mama S., Mombasa

Mama S., inategemea tawi. Wa kwanza ni Regina Jonas wa Berlin, alipewa cheti Desemba 1935, sinagogi kubwa hazikumtaka kwenye mimbari kwa hiyo akafundisha na kutembelea wazee na wagonjwa, Wanazi wakampeleka kambi ya Theresienstadt, huko akaendelea kutoa mihadhara, orodha ya mada zake 24 ipo mpaka leo. Aliuawa Auschwitz 1944. Marekani Wareform walianza na Sally Priesand 1972, Wakonsevativu na Amy Eilberg 1985. Waorthodoksi walio wengi bado hawakubali. La mirathi ni refu, nitalijibu toleo lijalo, nitumie kwanza idadi ya watoto na kama marehemu aliacha wosia.